Kuolewa Tena na Mume Yuleyule

"Hongera, Suhara. Nasikia unaolewa."

Suhara aliinua uso kutoka kwenye mkeka wa mbata. Jua la mji wa Tirur lilikuwa linawaka kisawasawa, na vipande vya nazi alivyokuwa akivigeuza vilimchoma vidole. Mbele yake, mwavuli mkononi, alisimama Biyathu, mke wa Beeran, kaka mkubwa wa mumewe. Kuingia bila hodi ilikuwa tabia ya Biyathu ya siku zote. Kuingia akitabasamu ndiko kulikokuwa kugeni, na Suhara akajua hapo hapo kwamba kuna jambo.

"Naolewa na nani, dada?"

"Na Hamsa."

Suhara akacheka. "Basi hongera yako imechelewa miaka kumi na minane. Zawadi iko wapi?"

"Cheka tu. Picha zenu zimebandikwa ukutani kwa msajili wa ndoa, wewe na yeye bega kwa bega, utadhani wezi wanaotafutwa. Mwenye pingamizi ajitokeze. Kijana wa Moosa alikwenda pale na shida zake, akaziona, akazipiga picha. Msikiti mzima unazo kwenye simu."

"Ni usajili tu huo. Hamsa alinipeleka mwezi uliopita. Wanautaka kwa ajili ya pasipoti ya Umra."

"Umra!" Biyathu alikunja mwavuli wake taratibu, akifaidi kila sekunde. "Masikini, kumbe hata hujui ulichotia saini. Ile si ndoa ya kwetu, mama. Ile ni sheria ya serikali, ya watu waliochoka na dini zao. Ukiandikwa kule, siku ukifa anayegawa urithi si Kurani tena, ni serikali. Mke na watoto wanachukua chote. Ndugu wa marehemu anapewa mkono wa pole na kikombe cha chai. Mumeo ana watoto wa kike watupu, anataka kumkata kaka yake. Na wewe ndiye kisu."

Suhara aliacha kugeuza mbata.

"Wanaume wanaulizana msikitini," Biyathu akaendelea, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, "kama anamuoa leo, je, siku zote hizi alikuwa anaishi naye kwa ndoa gani? Lakini mimi nimekutetea. Beeran atapita baada ya laasiri. Muwe nyumbani."

Akafungua mwavuli wake na kwenda zake.

Suhara alibaki pale juani na kipande cha nazi mkononi. Yeye alikuwa binti wa Alavi Ustadhi, mwalimu wa madrasa aliyefundisha mirathi nusu ya wanaume wa mji ule. Nusu, robo, thumni, fungu la binti, fungu la ndugu: alizijua hesabu hizo kabla hajajua kupika wali. Leo sura yake ilikuwa ukutani, mwanamke anayeikimbia sheria ambayo baba yake aliisomesha hadi sauti ikamkauka. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira upesi kuliko alivyotarajia. Akaingia ndani kumngoja mume.

Hamsa alirudi kutoka kwenye duka lake la mikate na pakiti ya biskuti za Nihala, binti yao mdogo, chini ya kwapa. Alikuwa amepungua tangu apasuliwe kifua. Shati lililokuwa likimbana enzi za kazi yake ng'ambo, huko Sharjah, sasa lilimpwaya, na hilo lilikuwa likimtia Suhara huzuni kila siku. Leo hakutaka kuhuzunika.

"Vua viatu uingie, bwana harusi," alimwambia.

Hamsa alisimama na mguu mmoja mlangoni. Hakuuliza maana yake. Aliweka biskuti juu ya kabati, akafuta jasho kwa pindo la shati.

"Nani kakwambia?"

"Ukuta."

"Ikka wako nilitaka kukueleza..."

"Leo huna Ikka hapa." Wake wa kule huwaita waume zao Ikka, kwa heshima na kwa mapenzi, na Suhara hakuwahi kumwita vingine. "Hamsa. Uliniibia saini, Hamsa."

Jina hilo kavu lilimpata. Alikaa chini kwenye ngazi ya veranda kama alivyoshauriwa na daktari kukaa kila moyo unapokwenda mbio.

"Ningekwambia ungekataa," alisema.

"Ningekataa! Kwa hiyo ukaona bora unidanganye? Tena ukamtia na Mungu humo humo, Umra! Mimi nikawa nimeshaanza kuhesabu nitamwombea nani pale Makka. Nilikuweka wewe wa kwanza, mshenzi wewe."

"Nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka yote. Leo nijibu. Siku zote hizi nilikuwa nani kwako? Hawara?"

"Suhara! Usiseme neno hilo ndani ya nyumba yangu."

"Linasemwa msikitini, mimi nisiliseme jikoni kwangu? Nijibu."

"Mke wangu. Ulikuwa mke wangu, ni mke wangu."

"Mke haolewi mara mbili na mwanamume mmoja bila talaka katikati. Hilo analijua hata mtoto wa darasa la kwanza wa baba yangu. Kama ulitaka wasichana wabaki na nyumba, si ungewaandikia hiba kama wanaume wengine?"

"Niwape leo, kesho moyo huu udai hospitali tena, nimpigie magoti mkwe nisiyemjua aniruhusu kuuza nyumba yangu? Nataka nife mwenye nyumba. Nikishakufa ndiyo iwe yao, yote, pasiwe na mtu wa kuja kuwahesabia vyumba." Alivuta pumzi. "Nihala aliniambia."

Suhara akamgeukia.

"Aliniambia kule hospitali, Kozhikode. Wewe ulikuwa umetoka kununua dawa. Akaniambia shangazi Biyathu alikuja nyumbani na mwanawe na fundi, wakapima ukuta wa sebule kwa utepe. Kwamba chumba chao yeye na dada yake Fidha kitatobolewa mlango wa barabarani, kiwe duka. Mimi niko pale na mipira puani, Suhara, na mwanangu ananiuliza kama atahamisha vitabu vyake au aviache."

"Nilimwambia asiseme," Suhara alisema polepole. "Niliogopa moyo wako ungesimama."

"Haukusimama. Ulikasirika. Nadhani hasira hiyo ndiyo iliyoniponya."

Kwa kawaida Suhara angecheka. Alitazama pembeni, kwenye ukuta wa sebule, na akamwona tena yule fundi akiandika vipimo kwa kalamu ya mkaa kwenye rangi aliyoipaka yeye mwenyewe. Alikuwa ameifuta alama ile kwa kitambaa chenye maji kabla Hamsa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Kumbe alikuwa akifuta bure.

"Lakini hukuwa na haki ya kunidanganya," alisema.

"Sikuwa nayo."

"Na usinitazame hivyo."

"Vipi?"

"Unajua. Ulivyokuwa ukinitazama kila ukiwa na tiketi ya Sharjah mfukoni."

Hamsa aliinamisha macho, kisha akayainua tena, maana hakuweza kuacha kumtazama. Mtu aliyeishi mbali na mkewe nusu ya ndoa yake hazoei kumtazama. Kila siku anaona amepewa nyongeza.

"Siku ya ndoa yetu ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Chumba cha ndani. Na mama na mashangazi. Swali gani hilo?"

"Mimi nilikuwa barazani, nimeshika mkono wa baba yako. Nikamwambia yeye nimekubali. Yeye ndiye aliyenijibu. Wewe ulijuaje umeolewa?"

Suhara alifikiri. "Wanawake walianza kupiga makofi na kuimba. Nikajua tayari."

"Umeona? Nilimuoa baba yako, kwa kweli. Mkono wake ulikuwa na jasho." Akatabasamu kidogo, akaacha. "Kule ofisini wanakuuliza wewe. Kwa mdomo wako. Karani aliponieleza hivyo nikasahau habari ya nyumba kabisa. Nilitaka kusikia, Suhara. Nilikuoa nikiwa sina mvi, sijawahi kukusikia ukisema unanitaka."

Maneno hayo yaliingia pale Suhara alipokuwa amepaziba. Alimpenda mtu huyu, na alichukia kumpenda saa ile. Alinyoosha mkono achukue biskuti zilizokuwa juu ya kabati, apate la kufanya, na Hamsa akaona vidole vyake vilivyoungua kwa mbata. Akavishika. Suhara hakuvivuta.

Ndipo gari la Beeran likapiga breki getini.

Beeran alikuwa mfanyabiashara wa tambuu, mrefu, mwenye kanzu nyeupe isiyojua doa, na katika kamati ya msikiti sauti yake ndiyo iliyokuwa ikifunga vikao. Biyathu alimfuata nyuma. Hamsa akamvutia kaka yake kiti. Beeran akakisukuma kwa mguu.

"Sikuja kukaa. Chai yenu pia mnywe wenyewe."

"Haijachemshwa, Shemeji," alisema Suhara.

"Asubuhi nimekwenda kwa huyo msajili kuweka pingamizi," Beeran alimwambia mdogo wake. "Karani, mtoto mdogo hata ndevu hana, ananiuliza: huyu bwana ana mke mwingine? Nikasema hana. Ni mwendawazimu? Nilitamani niseme ndiyo. Wana udugu wa damu? Nikamwambia mimi ndiye ndugu wa damu, hilo ndilo pingamizi langu! Akasema kwenye sheria yao halimo. Unasikia, Hamsa? Mimi kwenye sheria yako mpya simo."

"Kaka, sikufanya kwa kukuchukia."

"Baba alipokufa ulikuwa unajikojolea. Nani alikusomesha? Nani aliuza shamba la tambuu upate viza ya Sharjah?"

"Wewe. Sijawahi kukana."

"Unakana sasa, tena ukutani, kwa picha! Mungu hakunipa fungu kwenye mali yako kwa kunipenda mimi. Alinipa fungu kwa kuwa alinipa mzigo. Ukifa leo, nani atasimama walii wa Fidha na Nihala? Mimi. Nani atawalisha, nani atawaoza? Mimi. Unanivua fungu, halafu mzigo unaniachia?"

Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, Suhara aliyasikia utotoni kutoka kwa baba yake. Yalikuwa kweli wakati ule na yalikuwa kweli leo.

"Umesema haki tupu," Hamsa alisema. "Basi niambie, Kaka. Ayisha umemlisha lini?"

Biyathu akaguna. Ayisha alikuwa mjane wa Kunjali, ndugu yao wa kati, aliyekufa na kuacha wasichana watatu. Sasa alipanga chumba nyuma ya stesheni, akikaanga maandazi ya ndizi na kuwauzia wasafiri.

"Usilete habari za Ayisha hapa."

"Nazileta. Kunjali alipokufa hukukosa hata siku moja mahakamani. Mahakama ya nchi hii ikakupa fungu kwa jina la sheria ya Mungu. Mzigo haikukupa, wala hukuuomba. Hakuna hakimu aliyekuita hata mara moja akuulize wale watoto wamekula nini. Unataka niwaachie wanangu sheria iliyokatwa nusu?"

Beeran alicheka kicheko kifupi kibaya.

"Na wewe je? Ile minazi yenye kisima, hii mbata iliyoanikwa hapo nje, ilikuwa ya nani? Si ya Kunjali? Mimi kipande changu nilikiuza, wewe chako unakikwea kila msimu. Ulipokula ya Kunjali sheria ilikuwa tamu, Hamsa. Leo zamu ya wanao imefika, unasema ni chungu, unakimbilia serikalini."

Masikio ya Hamsa yalikuwa yamewiva. Suhara alimtazama, akingoja akanushe, na akaona kwamba hana la kukanusha. Naye mwenyewe je? Aliikausha mbata ile, akaiuza, akanunulia vitambaa vya Idi, na jina la Ayisha alilipitisha moyoni haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mgonjwa.

"Sasa sikilizeni wote," Beeran alisema. "Jumatatu ndiyo siku yenu. Mkitia saini ya mwisho, kamati inawafuta kwenye daftari la msikiti. Fidha akichumbiwa, msikiti hauandiki ndoa yake. Na wewe na moyo wako huo wa kuungaunga, ukifa tutaona serikali itakuosha kwa sabuni gani na kukuzika wapi." Akamgeukia Suhara, sauti ikashuka. "Wewe ni binti wa ustadhi. Najua ulidanganywa. Nenda ufute saini yako, jambo liishe, hakuna atakayekulaumu."

"Suhara," Hamsa alisema tu.

Wote watatu walikuwa wakimtazama. Ilimjia kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumngoja aseme jambo kubwa. Mambo makubwa yalikuwa yakisemwa barazani, yeye akiletewa habari ndani kwa makofi.

"Shemeji," aliuliza, "mahari yangu nani aliipanga?"

"Mimi na baba yako. Dhahabu, tena nzuri. Ulinung'unika?"

"Nani aliniuliza?" Akajifunga mtandio vizuri. "Nimesikia kwamba ndoa ya serikali haina mahari. Mimi bila mahari siolewi. Hiyo ni haki aliyonipa Mungu, na hainyang'anywi na kamati yako wala karani asiye na ndevu. Mara hii naipanga mwenyewe."

"Mahari ya nini tena, mwanamke?" Biyathu alidakia. "Umeshaolewa!"

"Si wewe uliyenipongeza leo hii?" Akamgeukia mumewe. "Nataka minazi ya Kunjali na kisima chake. Hati iandikwe kwa jina langu, na siku hiyo hiyo nitampa Ayisha na wasichana wake. Ukisema ndiyo, nitakwenda na wewe ofisini na nitasema unachotaka kusikia. Ukisema hapana, kesho asubuhi nafuta saini, na Shemeji atapata alichokuja kutafuta."

"Suhara, ada ya Fidha inatoka pale," Hamsa alisema kwa sauti ya chini. "Chuo cha uuguzi, mwaka wa kwanza tu huu. Duka la mikate halitoshi."

"Najua. Anayegeuza mbata ni mimi."

"Omba kingine. Omba duka."

"Sina kingine ninachokitaka. Ukiwalinda wanangu kwa sheria moja na kuwala wa Kunjali kwa nyingine, mimi sitakuwa mke wako wa sheria yoyote. Nitapika, nitafua, nitakupa dawa zako. Lakini kule ofisini hutanisikia."

Suhara alijua anachokiomba: alikuwa akichukua kwa Fidha wake kumpa wa mwenzake, na kama Hamsa angekataa asingeweza hata kumchukia sawasawa.

"Hawezi," Beeran alisema, sasa akikivuta kile kiti na kukaa, mtu aliyeridhika. "Namjua. Nimemlea mimi. Kitu kikiingia mkononi mwa Hamsa hakitoki."

Hamsa aliweka mkono mmoja kifuani, akatembea hadi mbele ya mkewe. Alinyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, kama alivyomnyooshea Alavi Ustadhi siku ile barazani. Suhara hakuelewa mara moja. Alipoelewa, macho yalimjaa machozi, akaweka mkono wake na vidole vilivyoungua ndani ya ule wa mumewe.

"Nimekubali kukuoa, Suhara binti Alavi," Hamsa alisema, kila neno kwa nafasi yake, "kwa mahari uliyoitaja. Kaka yangu Beeran amesikia."

Beeran aliruka kutoka kwenye kiti. "Mimi sikusikia kitu! Msinitie kwenye mchezo wenu!"

"Umesikia, Kaka. Na Mungu unayemtaja amesikia."

Biyathu alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari. Beeran alimshika mkono akamtoa nje, akamsukuma garini, akarudi hadi getini peke yake. Alisimama pale akihema. Kwa muda mfupi alionekana mzee, tena mtu aliyeumia kweli.

"Usije kunizika," alimwambia mdogo wake. "Na mimi sitakuzika."

Gari likaondoka. Hamsa hakuweza tena kujizuia. Alilia kwa kwikwi, mwanamume mzima, mbele ya geti lililo wazi na majirani wakichungulia, akimlilia mtu aliyemfundisha kuogelea na kusali. Suhara hakumbembeleza wala hakumwambia anyamaze. Alizidi kuushika mkono wake.

"Jumatatu," alisema, "tutapita kwa Ayisha kwanza."